Lenzi za kutambulia nzi wa matunda: ipi inastahili pesa ya mkulima wa Kisumu na Nakuru

Vifaa vinne vimepimwa hapa kwa swali moja tu: je, mtu aliyesimama shambani Nyakach au Njoro ataweza kuona ile alama inayotenganisha nzi wawili wanaofanana? Vifaa hivyo ni lenzi ya plastiki yenye mpini ambayo wanafunzi hutumia kwenye maabara, lenzi ndogo ya kukunja ya mara 10, lenzi ya kubana kwenye kamera ya simu, na hadubini ya USB inayochomekwa kwenye simu au kompyuta. Uamuzi wetu tunautoa mapema kwa mwenye haraka. Lenzi ya kukunja ya mara 10, ya kioo halisi, ndiyo ya kununua kwanza, na kwa mkulima wa maembe, mapera au tikitimaji huenda isihitajike nyingine. Hadubini ya USB ni ya mtu wa stroberi na rasiberi. Ya simu ni ya kutuma picha tu. Ya plastiki waachiwe wanafunzi.

Jambo hili si la wataalamu peke yao. Mkulima wa tikitimaji karibu na Ahero ananunua chambo cha methili-eujenoli kwa sababu jirani mwenye miembe amekisifu. Chambo hicho huvuta madume ya Bactrocera dorsalis, nzi wa maembe aliyetoka Asia na kugunduliwa Kenya mwaka 2003. Nzi wa matikiti, Zeugodacus cucurbitae, hana haja nacho; yeye hufuata chambo kilichoandikwa Cuelure kwenye pakiti. Matokeo yake, mtego unajaa nzi waliotoka kwenye miembe ya jirani, matikiti yanazidi kuoza, na mkulima anaondoka akiamini ameuziwa chambo bandia. Angemtazama nzi mmoja kwa lenzi nzuri kwa dakika mbili, angejua tatizo liko wapi.

Sasa, habari ya namba zilizoandikwa kwenye lenzi. Hapa ndipo watu wengi wanapoibiwa. Sokoni na kwenye maduka ya vipuri vya simu kuna lenzi za kukunja zilizochapishwa 30x, 40x, hata 60x, na nyingi hazifiki popote karibu na hapo. Kuzipima ni rahisi na huhitaji chochote ila rula. Lenzi ya mara 10 huonyesha kitu vizuri kikiwa umbali wa sentimita 2.5 hivi kutoka kwenye kioo. Ya mara 20 hutaka sentimita 1.25, ya mara 30 milimita 8, na ya mara 60 milimita 4 tu. Kwa hiyo simama dukani, weka lenzi jichoni, sogeza gazeti hadi herufi zionekane kali, kisha mwenzako apime umbali. Ikiwa iliyoandikwa 30x inaona vizuri sentimita mbili na nusu mbali, umeshika lenzi ya mara 10 yenye maandishi ya uongo. Si lazima uikatae. Inaweza kuwa lenzi nzuri ya mara 10. Kataa tu bei ya mara 30.

Kipimo cha pili ni karatasi ya grafu ya shule. Itazame kupitia lenzi. Mistari ikipinda kuelekea pembeni, au ukingo wa mstari mweusi ukiwa na utepe wa bluu upande mmoja na wa machungwa upande wa pili, hicho ni kioo kimoja au plastiki. Lenzi iliyoundwa kwa vioo vitatu vilivyogandishwa pamoja huonyesha mistari iliyonyooka karibu hadi ukingoni, bila utepe wa rangi. Tofauti hii ina uzito mkubwa kwa kazi ya nzi, kwa sababu alama tunazotafuta ni za rangi: manjano dhidi ya kahawia, nyeusi dhidi ya kahawia nzito. Lenzi inayoongeza rangi zake yenyewe itakudanganya mahali pale pale unapohitaji ukweli.

Lenzi ya plastiki ya shule tusiipotezee muda. Kipenyo chake ni kikubwa, inapendeza kushika, lakini nyingi huona vizuri zikiwa karibu sentimita 10 kutoka kwa kitu, maana yake ukuzaji ni kama mara 2.5. Inakutosha kutenganisha nzi wa matunda na nzi wa nyumbani, jambo ambalo macho yenye afya hulifanya bila msaada. Kisha plastiki huchubuka ukiiweka mfukoni pamoja na funguo.

Tuje kwenye ile ya kukunja ya mara 10. Chagua yenye kioo cha kipenyo cha milimita 18 hadi 21. Iliyo nyembamba zaidi huonyesha sehemu ya nzi tu, na utapoteza muda ukitafuta upo bawani au tumboni. Watu wengi huishika vibaya: wanaiweka juu ya nzi na kuinama kwa mbali kama wanaosoma gazeti. Lenzi hii hukaa jichoni, karibu iguse nyusi. Nzi ndiye anayesogezwa. Mkono ulioshika lenzi uegemee shavu, mkono ulioshika nzi uegemee ule wa kwanza, na mtikisiko utapungua sana. Geuka ili mwanga wa dirisha au wa kivuli cha mti utoke ubavuni. Jua kali la moja kwa moja hufanya mgongo wa nzi ung'ae hadi mistari ipotee, na lenzi isielekezwe kwenye jua hata kidogo.

Bactrocera dorsalis ana urefu wa milimita 7 hadi 8, saizi inayoifaa lenzi hii kabisa. Mlaze kifudifudi. Utaona kifua chenye mistari miwili mipana ya manjano, mmoja kila ubavu, na katikati hakuna mstari. Nyuma ya kifua, pale kinapokutana na tumbo, kuna kipande kidogo cha pembetatu (hapa tutakiita kigao) ambacho ni cha manjano. Tumboni kuna utepe mweusi wa kukingama, na mstari mweusi unashuka kutoka katikati yake, umbo la herufi T. Bawa ni angavu, likiwa na utepe mwembamba wa kahawia kwenye ukingo wa mbele unaofika nchani bila kupanuka kuwa doa.

Kosa linalorudiwa zaidi kwa nzi huyu ni kusoma rangi ya mgongo wa kifua. Katika mtego mmoja wa Seme au Rachuonyo utakuta wenye mgongo mweusi, wenye mgongo wa kahawia nyekundu, na wengine wenye mchanganyiko wa rangi hizo mbili. Watu huwagawa mafungu mawili na kuripoti aina mbili. Ni nzi mmoja. Rangi hiyo hubadilika-badilika ndani ya aina yenyewe, na ilichangia hata wanasayansi kumpa jina lake mwenyewe, Bactrocera invadens, mwaka 2005, kabla ya kumrudisha kuwa B. dorsalis mwaka 2015. Basi ukiona kitabu au bango la zamani lenye jina invadens, ujue linamzungumzia huyo huyo. Soma mistari ya manjano, kigao na bawa, mgongo uache.

Nzi wa matikiti hutenganishwa naye kwa alama mbili ambazo lenzi ya mara 10 huzionyesha bila shida. Kwanza, ana mistari mitatu ya manjano kwenye kifua: miwili ya ubavuni na mmoja mwembamba katikati. Pili, bawa lake si safi. Utepe wa mbele hupanuka kuwa doa kwenye ncha, na kuna waa jingine la kahawia juu ya mshipa mfupi wa kukingama ulio upande wa nyuma wa bawa. Usitegemee herufi T, kwa sababu huyu naye huweza kuwa na alama nyeusi tumboni inayoifanana. Tumeona maelezo mengi ya mtandaoni yakimfundisha mkulima T peke yake, na hapo ndipo hesabu ya mtego inapoharibika.

Wa tatu katika kundi hili, Bactrocera latifrons, ni wa kuangaliwa kwenye nyanya, pilipili, biringanya na managu. Alithibitishwa Tanzania mwaka 2006 na Kenya mwaka 2007, na haitikii methili-eujenoli, kwa hiyo mtego wa maembe hautakuambia kama yupo. Kifua chake kina mistari miwili ya ubavuni kama wa maembe, lakini tumbo ni la rangi ya machungwa-kahawia bila ile T nyeusi, na utepe wa bawa unapanuka kidogo nchani. Wakulima wa managu huku magharibi wanastahili kufundishwa alama hii mapema, kwa sababu huyu hupatikana kwa kuweka matunda yaliyodungwa kwenye chombo na kusubiri nzi watoke.

Sharti moja ni muhimu kwa mtu anayewatoa nzi kwenye matunda. Nzi aliyetoka tu kwenye pupa (ganda ambamo buu hugeuka kuwa nzi) huwa mweupe-mweupe, mlaini, na mistari yake haijakolea. Ukimuua siku hiyo hiyo, lenzi yoyote duniani itakupa jibu la makosa. Mwache hai siku nne au tano ndani ya chupa yenye kitambaa cha wavu, mpe sukari na pamba yenye maji, kisha ndipo umgandishe kwenye friza. Matunda yenyewe yawekwe juu ya mchanga mkavu uliochungwa, ili mabuu yakitoka yaingie humo na kuwa pupa. Na mabuu yenyewe usijaribu kuyatambua kwa lenzi. Mtu wa shambani hana alama ya kuaminika ya kuyatenganisha.

Kabla hatujaendelea, mtu anayelima maboga na matango atakutana pia na nzi wa jenasi Dacus, na hao huchanganywa na Bactrocera. Wachunguze tumbo. Kwa Bactrocera na nzi wa matikiti, bamba za tumbo zimetengana, moja inateleza juu ya nyingine. Ukisukuma taratibu kwa ncha ya sindano utaona zikifunguka. Kwa Dacus bamba zimeungana kuwa ganda moja, na kiuno chake ni chembamba hadi nzi anafanana na nyigu. Mwanga lazima utoke ubavuni, karibu sambamba na meza, ili kivuli kikae kwenye mifereji. Mwanga wa juu huifuta mifereji yote na kila nzi ataonekana kama Dacus.

Kundi jingine la nzi wa matunda, Ceratitis, halihitaji kutafutwa sana: mabawa yana mapambo ya manjano na kahawia, na sehemu ya shinani ina vidoadoa vingi vyeusi. Ugumu ni kuwatenganisha wao kwa wao. Ceratitis cosyra, nzi wa maembe wa asili ya Afrika, ana kigao cha manjano chenye madoa matatu meusi yaliyoachana. Ceratitis capitata ana kigao ambacho sehemu kubwa ya nyuma ni nyeusi inayong'aa, ikipakana na mstari wa manjano uliopinda. Lenzi ya mara 10 inatosha hapa ukiwa na subira na nzi mkavu. Dume wa capitata ni rahisi zaidi: mbele ya macho kuna vinyweleo viwili ambavyo ncha zake zimepanuka kuwa vibamba vyeusi vya umbo la almasi. Ukiviona, umemaliza.

Ila ukikutana na Ceratitis rosa, C. fasciventris, C. anonae na C. quilicii (huyu wa mwisho alitenganishwa na rosa mwaka 2016), weka lenzi mfukoni. Madume husomwa kwa mpangilio wa vinyweleo vilivyo kama manyoya ya ndege kwenye mguu wa katikati. Lenzi ya mara 10 itakuonyesha kwamba manyoya yapo. Mpangilio wake ni wa hadubini ya maabara na mtu aliyezoea. Majike wa kundi hili hawatenganishwi kwa namna hiyo kabisa. Andika “kundi la rosa” kwenye rekodi yako na uishie hapo. Hilo ni jibu sahihi, na afisa wa KEPHIS (shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea) au mtafiti wa icipe (kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi) atalithamini kuliko jina kamili lililobahatishwa.

Hata lenzi bora hushindwa na nzi aliyetunzwa vibaya, na hili hutokea mara nyingi kuliko lenzi mbovu. Mtego wa chambo cha chachu humlowesha nzi. Vinyweleo vinalala, bawa linakunjamana, na uchafu unaganda kwenye kigao. Msuuze kwa maji safi kwenye kifuniko cha chupa, mpitishe kwenye spiriti, kisha mlaze juu ya tishu hadi akauke. Mabawa yakishikamana, yatenganishe akiwa bado na unyevu, kwa sindano mbili zilizochomekwa kwenye vifutio vya penseli ili ziwe na mpini. Akikauka kabisa miguu hukatika ukimgusa. Kwa kuhifadhi, spiriti ya asilimia 70 inafaa, lakini manjano hufifia humo: baada ya muda mistari huwa myeupe iliyochakaa au ya kahawia hafifu. Hivyo soma rangi kwanza, piga picha, ndipo uloweke. Chombo kikavu nacho huota ukungu upesi katika unyevu wa kandokando ya ziwa.

Lenzi ya kubana kwenye simu inauzwa kwa wingi, na sifa yake moja ni ya kweli: inatoa picha ambayo mtu mwingine anaweza kuitazama. Afisa wa ugani aliye Bondo anaweza kumtumia mwenzake wa Kisumu picha na kujibiwa kabla hajaondoka shambani. Lakini kutambua moja kwa moja kupitia skrini kunachosha. Eneo lililo kali ni la katikati tu, kingo zote zina ukungu, na kina cha fokasi ni kidogo sana: kifua kikionekana, bawa halionekani. Kibanio nacho hakikai sawa kwenye simu zilizo na kava nene au kamera iliyochomoza. Vua kava, na hakikisha tundu la lenzi liko katikati kabisa ya kamera kuu, la sivyo nusu ya picha itakuwa giza. Simu zenye kamera mbili au tatu zina tabia ya kuhama kamera zenyewe zikihisi kitu kiko karibu, na ghafla unapiga picha kupitia kamera isiyo na lenzi. Zima ile makro ya kujiwasha kwenye mipangilio, chagua 1x, na ukuze kwa kukata picha baadaye.

Picha moja ya nzi haimsaidii anayeipokea. Tuma nne: mgongo kutoka juu, ubavu, uso, na bawa moja lililotandazwa juu ya karatasi nyeupe. Weka rula yenye milimita kandokando ya nzi katika angalau moja. Usitumie flashi ya simu. Mwanga wa dirisha upande mmoja na kipande cha karatasi nyeupe upande wa pili vinatosha kuondoa kivuli.

Hadubini ya USB tuliitazama kwa shaka kwa sababu ya maboksi yanayodai mara 1000. Namba hiyo haina maana, kwa kuwa ukuzaji hutegemea ukubwa wa skrini. Upime mwenyewe: weka rula chini ya hadubini, uhesabu milimita ngapi zinajaza skrini, kisha ugawanye urefu wa skrini kwa idadi hiyo. Skrini ya sentimita 15 ikionyesha milimita 5, unaona mara 30. Ikionyesha milimita 2, ni mara 75. Hapo angalia mistari ya rula yenyewe: kingo zikiwa na ngazi-ngazi au ukungu, kamera inapanua picha kwa hesabu tu, haioni zaidi. Hata hivyo, kwa nzi wadogo hadubini hii ina kazi ambayo lenzi ya mkononi haiwezi kuifanya.

Kazi hiyo iko Nakuru. Drosophila suzukii, nzi anayetaga kwenye beri zinazoanza kuiva badala ya kungoja zioze, alipatikana katika kaunti hiyo mwaka 2019. Ana milimita 2 hadi 3 hivi na macho mekundu, sawa na nzi wale wadogo wa siki wanaozunguka ndizi zilizoiva. Mtego wa siki ya tufaha wenye tone la sabuni utawakamata wote pamoja, suzukii na ndugu zake wasio na madhara makubwa. Kwa hiyo mtego peke yake hausemi kitu. Anayepulizia dawa kila anapoona nzi wadogo mtegoni anapoteza dawa na kuchelewesha mavuno bure.

Dume wa suzukii ana doa moja jeusi karibu na ncha ya kila bawa, kwenye ukingo wa mbele. Lenzi ya mara 10 hulionyesha. Lakini doa hilo halipo mara tu nzi anapotoka kwenye pupa. Hujitokeza baadaye, basi dume asiye na doa asitupwe kabla ya kuangaliwa mguu wa mbele. Hapo ndipo hadubini inahitajika: dume wa suzukii ana vichana viwili vidogo vyeusi kwenye kila mguu wa mbele, kimoja kwenye pingili ya kwanza ya wayo na kingine kwenye ya pili. Drosophila melanogaster, yule wa ndizi, ana kimoja tu, kwenye pingili ya kwanza. Tulipima kwa ukuzaji halisi wa mara 40 na vichana vinahesabika vizuri, mradi mguu umelazwa ubavu.

Jike hana doa wala kichana. Alama yake ni kifaa cha kutagia: kikubwa, cheusi ukingoni, chenye meno ya msumeno yanayokata ngozi ya tunda linaloanza kuiva. Kwa melanogaster kifaa hicho ni kidogo na laini. Kikiwa kimejificha tumboni, kandamiza tumbo taratibu kwa ubavu wa sindano, kuanzia mbele kwenda nyuma, na kitachomoza. Mara 30 halisi inatosha kuyaona meno. Na ukikutana na nzi mdogo mwenye mistari miwili ya fedha iliyozungushiwa weusi, kuanzia kichwani hadi kwenye kigao, huyo ni Zaprionus wa Kiafrika. Mtenge kando mara moja.

Udhaifu wa hadubini hizi ni taa. Zimepangwa duara kuzunguka lenzi, na kila taa huacha nukta nyeupe juu ya mgongo wa nzi, mahali hasa unapotaka kuona. Kata pete ya karatasi ya tishu, tabaka mbili, uifunge mbele ya taa kwa raba. Nukta zinageuka kuwa mwanga mpana na rangi zinarudi. Kama taa zina kirekebishi, zipunguze hadi nusu na uongeze mwanga wa dirisha. Stendi ya plastiki inayokuja nayo hutikisika ukigusa kitufe cha fokasi. Ibandike kwenye ubao mzito, au mzungushe nzi badala ya hadubini.

Watu wa Homa Bay na Busia watauliza kuhusu mbung'o. Lenzi ya mara 10 inafaa. Kwanza hakikisha ni mbung'o na si Stomoxys, yule nzi wa zizini ambaye naye ana mdomo mgumu ulioelekea mbele: mbung'o akitua mabawa yake hulaliana moja juu ya jingine, na katikati ya bawa mishipa huzingira eneo lenye umbo la shoka. Kisha tazama wayo wa mguu wa nyuma kutoka juu. Kwa Glossina pallidipes, wa vichaka vya Bonde la Lambwe na Hifadhi ya Ruma, pingili mbili za mwisho tu ndizo nyeusi. Kwa Glossina fuscipes fuscipes, wa kandokando ya Ziwa Viktoria na mito, pingili zote ni nyeusi. Miguu ya nyuma hukatika kwa urahisi mtegoni, basi toa nzi kwa koleo laini, usimwage chombo chote mezani.

Kwa anayekwenda kununua hadubini ya USB, beba simu utakayoitumia na waya wa OTG (unaounganisha kifaa cha USB na simu) wa kwako. Nyingi hufunguka kwenye kompyuta lakini zinakataa simu fulani, na programu inayotajwa kwenye boksi wakati mwingine haipatikani tena. Ichomeke hapo dukani, weka rula, hesabu milimita, kisha uzungushe kitufe cha fokasi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kikikwama au picha ikihama pembeni unapozungusha, omba nyingine kabla ya kulipa.